Hoja Isiyogusa Jambo

Wasikilizaji wetu wa Mwanza, mazungumzo haya mwanzo wake huenda ukaonekana kuwa ni wa walimu na wanafunzi peke yao, ilhali yanamhusu kila mtu aliyewahi kuketi katika kikao, kiwe cha ushirika, cha msikiti, cha kanisa, cha kijiji au cha wavuvi wa mwaloni, akatoka humo hali ameshindwa pasipo kufahamu ameshindwa saa ngapi.

Nakusudia kusema juu ya hoja za utaratibu katika yale mabaraza ya kuigiza ambayo vijana wa sekondari na wa vyuo huyafanya kwa mfano wa Umoja wa Mataifa. Humo kijana wa Nyakato hupewa kibao chenye jina la Brazili, na msichana wa Bwiru akapewa kibao cha Norwe, wakavaa nguo zao za heshima, wakaitana waheshimiwa, na kwa muda wa siku mbili tatu wakajadili vita, njaa, maji na madeni ya mataifa kana kwamba wametumwa na dola za huko. Katika mabaraza hayo hoja ziko za namna mbili. Iko inayoligusa jambo lenyewe, yaani tufanye hili au tusifanye lile. Na iko isiyoligusa jambo kabisa, bali hugusa namna ya kulishughulikia: nani aseme, aseme kwa dakika ngapi, mjadala ufungwe au uendelee, kikao kiahirishwe, azimio lipigiwe kura likiwa zima au lipasuliwe vipande, na lipi litangulie kupigiwa kura na lipi lifuate. Hii ya pili ndiyo niliyoijia. Wazazi wanaoalikwa kutazama huchoshwa nayo, wakauliza kwa nini watoto wanashindania dakika badala ya kusema habari za amani ya ulimwengu. Na baadhi ya walimu nao huihesabu kuwa ni mapambo tu ya mchezo. Rai yangu mimi ni kinyume cha hiyo, kwamba jambo kubwa aghalabu huamuliwa ndani ya hoja ndogo iliyolitangulia, na kijana ajifunzaye kuitambua hoja hiyo inapopita mbele yake amepata maarifa ambayo hotuba nyingi za kusisimua haziwezi kumpa.

Na tuchukue mathalan shauri la hapa kwetu. Tuseme wanafunzi wanaiga mkutano wa nchi za Ziwa Viktoria, na lililo mezani ni kama uvuvi usimamishwe miezi kadhaa kila mwaka ili sangara na sato wapate nafasi ya kuzaliana. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba kama 68,800, karibu nusu yake ni ya Tanzania, Uganda ina zaidi ya sehemu mbili katika tano, na Kenya ina sehemu kama sita katika mia. Kwa hiyo kila mjumbe ana hesabu yake moyoni kabla hajafungua kinywa. Uganda imesema, Kenya imesema, Tanzania imesema mara mbili, na katika orodha ya wasemaji wamebaki Rwanda na Burundi, nchi zisizokuwa na ufuko ziwani, ingawa maji yake hushuka kwa mto Kagera yakaingia humo. Hapo ananyanyuka mjumbe mmoja, akasema: Mheshimiwa Mwenyekiti, natoa hoja mjadala ufungwe.

Kanuni ya 75 ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa yasema kwamba hoja hiyo yaweza kutolewa wakati wowote, hata kama wako waliokwisha omba nafasi ya kusema, na kwamba watakaoruhusiwa kuisemea ni wawili tu, nao wote wawili ni lazima wawe wanaipinga. Itazameni insafu iliyomo. Mtoa hoja hapewi nafasi ya kuipamba, kwa kuwa maana ya hoja yake ni kuwanyamazisha wengine, na mwenye kutaka watu wanyamaze hana haki ya kuongeza maneno. Lau angetaka mjadala uahirishwe tu, kanuni ya 74 ingemruhusu yeye kusema, na wawili wa kumuunga mkono, na wawili wa kumpinga, maana jambo lililoahirishwa laweza kurudi na wasemaji wake wakarudi nalo. Na zikija hoja nyingi kwa pamoja, kanuni ya 77 inazipanga safu: kwanza kusitisha kikao kwa muda, kisha kuahirisha kikao, kisha kuahirisha mjadala, na nyuma kabisa kufunga mjadala. Mwenye kuupima mpango huu ataona kwamba lile linaloudhuru usemi kidogo kuliko yote ndilo lililotangulizwa, na lile linaloukata moja kwa moja limewekwa mkiani. Wala sidhani kwamba walioupanga walifanya hivyo kwa bahati nasibu.

Iko pia ile ambayo wasikilizaji wa Bunge letu la Dodoma wanaijua vizuri, pale mbunge anapokatiza kwa kusema: kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika. Katika Baraza Kuu hiyo ni kanuni ya 71. Msimamizi wa kikao hana budi kuitolea uamuzi papo hapo. Asiyeridhika aweza kuukatia rufani. Rufani hiyo hupigiwa kura mara moja bila mjadala, na uamuzi wa msimamizi husimama isipokuwa umetenguliwa na wengi wa waliohudhuria na kupiga kura. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu kwa vijana kuliko yote: aliyesimama kwa utaratibu haruhusiwi kutia neno lolote juu ya kiini cha jambo linalojadiliwa. Akimpata mwenzake ametoka nje ya kanuni, aitaje kanuni, aketi. Nimewaona vijana hodari wa mdahalo, ambao kwa ufasaha wangeweza kuwageuza wazee rai zao, wakishindwa kabisa na sharti hili, kwa sababu kila walipoanza na utaratibu ulimi uliwateleza ukaangukia kwenye sangara na sato.

Sasa nitoke ziwani niwapeleke New York, maana huko ndiko uliko ushahidi wangu, na ushahidi wenyewe unatuhusu.

Tarehe 7 Machi 1955 Mwalimu Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaisemea Tanganyika. Alisikilizwa, walakini alisikilizwa kwa daraja ya mleta maombi, na mleta maombi, awe na ufasaha wa namna gani, hawezi kutoa hoja wala kudai kura. Uwezo huo tuliupata tarehe 14 Desemba 1961, siku Tanganyika ilipopokewa kuwa mwanachama. Na kwa sadfa ya ajabu siku ya pili yake, tarehe 15 Desemba, Baraza Kuu likapitisha azimio namba 1668, kwamba pendekezo lolote la kubadili uwakilishi wa China ni jambo zito, na kwa hivyo litahitaji theluthi mbili za kura. Azimio hilo halikusema kwamba kiti cha China ni cha serikali ya Peking, wala halikusema kwamba ni cha ile ya Taipei. Halikuligusa jambo. Liligusa hesabu ya kura tu, na chini ya hesabu hiyo serikali ya Peking, iliyotawala mamia ya milioni ya watu, ikaendelea kukaa nje miaka kumi. Tarehe 20 Novemba 1970 waliotaka Peking ipewe kiti walipata kura 51 dhidi ya 49: wakashinda kwa wingi, na kwa kanuni wakashindwa.

Mwaka uliofuata balozi wetu katika Umoja wa Mataifa alikuwa Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, kijana wa miaka 29, umri ambao leo wengi wangali wanatafuta ajira ya kwanza; na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 23 zilizolidhamini azimio lililojulikana kwa jina la Albania, la kuirudishia Peking kiti chake na kuwaondoa wajumbe wa Taipei. Marekani, iliyowakilishwa na George Bush, yule aliyekuja kuwa rais wa nchi yake baadaye, ilileta tena azimio lake la kusema kwamba kuiondoa Taipei ni jambo zito la kuhitaji theluthi mbili.

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971, katika Baraza Kuu, chini ya urais wa Adam Malik wa Indonesia, hoja za utaratibu zilifuatana moja baada ya nyingine. Jamil Baroody wa Saudia aliomba kura zisipigwe usiku ule; akashindwa kwa kura chache. Azimio la Albania lilikuwa limetangulia kuletwa, na kwa kawaida maazimio hupigiwa kura kwa taratibu ya kuletwa kwake, hivyo Marekani ikaomba la kwake lipewe kipaumbele. Ikashinda kwa kura 61 kwa 53, na mwenye kusikiliza redio usiku ule angesema mambo yamekwisha. Hayakwisha. Lilipopigiwa kura lile azimio lenyewe la theluthi mbili, likaanguka kwa kura 59 dhidi ya 55, na 15 hawakuegemea upande wowote. Ikaja hoja nyingine tena, kwamba maneno ya kuwaondoa wajumbe wa Taipei yapigiwe kura peke yake, ili pengine Peking iingie na Taipei isitoke. Nayo ikakataliwa kwa 61 kwa 51. Wajumbe wa Taipei wakatoka ukumbini kabla ya kura ya mwisho, na ndipo azimio namba 2758 likapita kwa kura 76 kwa 35, na 17 wasioegemea upande.

Hapa napenda tupige hesabu kidogo, maana hesabu hii huwashangaza wanafunzi kila wanapoifanya. Kura 76 ukizijumlisha na 35 zinakuwa 111, na theluthi mbili za 111 ni 74. Maana yake ni kwamba azimio la Albania lilipata theluthi mbili ambazo usiku uleule ilikuwa imeamuliwa kwamba hazihitajiki! Basi je, yale mabishano yote ya utaratibu yalikuwa bure? Mimi nasema la. Kura ile ya mwisho ilipigwa baada ya wote kujua upepo umegeukia wapi, na mataifa, kama watu, hayapendi kuonekana yamesimama na aliyeanguka. Mwaka mmoja tu nyuma waliounga mkono walikuwa 51. Shauri la China lilikatwa pale kwenye 59 na 55, juu ya hoja ambayo haikumtaja Mao wa Peking wala Chiang wa Taipei kwa wema au kwa ubaya.

Kijana wa Mwanza aliyeifahamu habari hii hataidharau tena hoja ya kipaumbele.

Walakini sina budi kusema pia kwamba sehemu ya kanuni wanazozitumia vijana wetu sizo za Umoja wa Mataifa, na wengi wao hawalijui hilo. Uigizaji huu ulianza katika vyuo vya Uingereza na Marekani katika miaka ya 1920, enzi ya Shirikisho la Mataifa, na baada ya vita kuu ya pili ukageuzwa sura ukawa wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1968 ukaanza mkutano mkubwa wa The Hague, na hapa Afrika Mashariki shule za nchi zetu hukutana Nairobi, katika majengo ya Umoja wa Mataifa ya Gigiri. Njiani kanuni ziliokota mengi. Yale mashauriano yenye msimamizi, ambapo kila msemaji hupewa nusu dakika au dakika moja, na yale mashauriano huru ambapo wajumbe wote huacha viti vyao wakazunguka ukumbini, hayamo katika kanuni za Baraza Kuu. Na ile haki ya mjumbe kusimama akalalamika kwamba hasikii vizuri au kwamba ukumbi una joto ni urithi wa vikao vya Marekani, ambavyo tangu mwaka 1876 vilifuata kitabu cha kanuni cha afisa mmoja wa jeshi, Henry Martyn Robert. Sisemi vitu hivi vitupwe. Mashauriano huru, hasa, ndiyo yanayokaribia zaidi ukweli wa kazi ya ubalozi, kwa kuwa mabalozi hufanya biashara yao kubwa varandani. Nasema tu kwamba mwalimu awaambie watoto kipi kimetoka wapi.

Nakuja kwenye ufisadi wa hoja hizi, maana upo. Wako vijana ambao wamekwisha gundua kwamba kanuni yaweza kuwa rungu. Mwenzao mwenye haya, aliyejiandaa wiki nzima na karatasi yake mkononi, akianza tu kusema, wao husimama: utaratibu, Mheshimiwa, taarifa, Mheshimiwa, naomba mwongozo, Mheshimiwa, hata yule masikini akapoteza mstari aliokuwa akiusoma, akaketi, na pengine asisimame tena mpaka mkutano unavunjika. Kanuni zenyewe zilitungwa kumlinda yeye. Wenyeji wa huku Usukumani tunazo ngoma za mashindano baina ya Bagika na Bagalu, ambazo baada ya mavuno hukusanya halaiki ya watu, na ambazo kumbukumbu yake imetunzwa katika makumbusho ya Bujora pale Kisesa. Katika ngoma hizo pande mbili hucheza wakati mmoja, kila mmoja na uwanja wake, na watazamaji huamua kwa miguu, wakiuhama upande uliowachosha na kuujaza uliowapendeza. Baraza la maneno haliwezi kuendeshwa hivyo, kwa kuwa watu wawili wakisema pamoja hasikiki hata mmoja. Katika baraza sharti pawe na zamu, na palipo na zamu, mwenye kuigawa zamu ameshika madaraka makubwa.

Kwa ajili hiyo nawalaumu wenyeviti kuliko wajumbe. Mwenyekiti kijana aghalabu huchaguliwa kwa sauti yake nzuri na Kiingereza chake, ilhali kilichotakiwa ni masikio na moyo usiopendelea. Aliye dhaifu huruhusu kila anayenyanyuka. Aliye mkali huitupa hoja asiyoipenda kwa kusema kwamba inapoteza wakati wa baraza, na neno hilo likishatoka kitini hakuna wa kulijibu. Njia ya tatu ipo, na ni nyepesi: uliza kama kuna anayepinga, na akiwapo, piga kura, chukua sekunde ishirini, endelea. Na katika mambo ya rufani mwenyekiti afundishwe kwamba kuangushwa na kura ya wajumbe si aibu. Nimestaajabu kuona vijana wanaokubali kushindwa mpira wa miguu wakilia kwa sababu uamuzi wao wa kitini umetenguliwa.

Liko jambo jingine ambalo mabaraza haya huwaficha vijana, nalo ni kwamba katika vikao vya kweli vya ukanda wetu kura ni nadra. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unataka Wakuu wa Nchi waamue kwa makubaliano ya wote. Basi mwanafunzi aliyezoea kuhesabu mikono na kutafuta kura moja ya ziada angefika huko akakuta ujuzi wake wa nusu. Huko utaratibu una kazi ya kumtafutia mkaidi mlango wa kutokea bila ya kuvunjiwa hadhi yake.

Na hapo pia jirani yetu wa ziwa alitoa mfano. Mwishoni mwa mwaka 1981 Baraza la Usalama lilikwama katika kumchagua Katibu Mkuu: Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu Salim yuleyule, na China, ambayo yeye alikuwa miongoni mwa walioipigania miaka kumi nyuma, ikamzuia mara 16 Kurt Waldheim wa Austria. Wiki zikapita. Rais wa Baraza kwa mwezi wa Desemba alikuwa Olara Otunnu wa Uganda, naye umri wake ulikuwa miaka 31. Hakuwahubiria wakubwa habari za wajibu wao. Aliwaendea wagombea wote wawili wakakubali kukaa kando, kisha akaanzisha kura za kupima, zisizo rasmi, ambazo kwazo wajumbe walionyesha siri za nyoyo zao pasipo kulazimika kumuangusha mtu hadharani, na tarehe 11 Desemba akapatikana Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Kura hizo za kupima zimekuwa desturi ya Baraza la Usalama katika uchaguzi wa namna hiyo hata baada yake. Katika kitabu cha kanuni hazikuwamo.

Kwa walimu wa Mwanza wanaotaka kulijaribu jambo hili nina shauri moja la vitendo. Lifanyeni baraza kwa Kiswahili, kwa maneno yaleyale ya Bunge ambayo watoto huyasikia redioni, ili akili yao ishughulike na kanuni wala isishughulike na kukariri sentensi za kigeni kama dua. Kisha igizeni ule usiku wa Oktoba 1971 mara mbili, katika vyumba viwili. Chumba cha kwanza kifuate mpango kama ulivyokuwa. Katika chumba cha pili hoja ya Marekani ya kipaumbele ishindwe, na azimio la Albania lipigiwe kura kwanza, kabla hapajaamuliwa kama ni nusu au ni theluthi mbili. Mwishoni wekeni hesabu za vyumba viwili kando kwa kando. Wanafunzi wasiambiwe mapema matokeo ya kweli. Na kibao cha Saudia apewe mwanafunzi aliye hodari kuliko wote, maana ndiye mwenye kazi ngumu: kuwaomba wenzake waahirishe jambo ambalo karibu kila mmoja wao amekuja kulimaliza.